Kumshtaki aliyechukua mali asilipe si kuvunja udugu

SIFA zote njema ni za Allah (SWT), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyehalalisha biashara na akaharamisha riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyejulikana kwa uaminifu wa biashara kabla hajapewa utume, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, miaka kadhaa iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, alinijia mama mmoja akifuatana na mwanawe wa kiume. Mkononi alibeba mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe mlikuwa na makaratasi: ankara, risiti za lori na hati za kupokelea bidhaa. Mumewe, Allah amrehemu, alikuwa muuzaji wa vifaa vya ujenzi hapa pwani. Alimuuzia mwanakandarasi mmoja saruji, mabati na nondo. Mali ilipelekwa kwenye kiwanja, ikapokewa, jengo likasimama, likapakwa rangi, likapangishwa. Fedha hazikulipwa.

Mama yule hakuja kuomba sadaka. Alikuja na swali. Aliniambia: "Sheikh, marehemu alinieleza kuwa ni wewe uliyemkataza kushtaki. Sasa mimi na watoto tufanyeje?"

Nilikumbuka, na ilikuwa kweli. Marehemu alipokuja kutaka ushauri nilimwambia kuwa mdaiwa wake ni Mwislamu mwenzake, wanaswali safu moja, na kwamba kupelekana mahakamani ni fedheha kwa umma. Nikamhimiza asubiri, kwani Allah yu pamoja na wenye kusubiri. Akasubiri. Mwanakandarasi akaendelea kujenga kwingine, akabadilisha gari, akaoza binti yake kwa harusi iliyosemwa mtaa mzima. Marehemu yeye alishindwa kuwalipa waliomkopesha saruji, ghala likafungwa, na maradhi yakamchukua.

Tulikwenda kwa wakili. Aliitazama tarehe ya ankara ya mwisho, akaweka kalamu chini. Sheria ya Kenya inayoweka muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, inampa anayedai kwa msingi wa mkataba miaka 6 tangu haki yake ilipokiukwa. Ilikuwa imekwisha pita miaka 7. Mlango wa mahakama ulikuwa umefungwa, na mimi nilishiriki kuufunga.

Ninaandika makala haya kwa sababu ya mkebe ule. Nimetambua kuwa kosa langu si langu peke yangu. Katika misikiti yetu, mfanyabiashara anayedai thamani ya mali yake hushauriwa kusubiri, na anayekula mali ya watu hashauriwi kitu. Tumemfanya mdai aonekane mkorofi na mdaiwa aonekane mnyonge, pasi na kuuliza ni nani hasa aliyedhulumiwa.

Kilio cha juu ya mlima Abu Qubays

Wanahistoria wa Sira wanatueleza kisa ambacho kila mfanyabiashara wa Kiislamu anapaswa kukijua. Kabla ya utume, mtu mmoja wa Zubayd, kutoka Yemen, aliingia Makka na bidhaa zake. Al-As bin Wail, mmoja wa vigogo wa Makureshi na baba yake Amr bin al-As, akazinunua, akazipokea, kisha akamnyima thamani yake. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Aliziendea koo zilizokuwa na mapatano na al-As akaziomba msaada, zikamkataa na kumkaripia.

Ndipo alipopanda mlima Abu Qubays asubuhi, wakati Makureshi wameketi katika mabaraza yao kando ya Kaaba, akapaza sauti na kuitangaza dhulma aliyofanyiwa. Az-Zubayr bin Abdul Muttalib, ami yake Mtume (SAW), akasimama. Watu wa Bani Hashim, Zuhra, Taym na wengineo wakakutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakala kiapo kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa hadi arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea al-As, wakaichukua mali ya yule mtu na kumrejeshea. Mapatano hayo ndiyo yaitwayo Hilful Fudhul.

Mtume wetu (SAW) alihudhuria mapatano yale akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Baada ya kupewa utume aliyataja kwa sifa, akasema kuwa hangependa kuyabadilisha kwa ngamia wekundu, ambao kwa Waarabu walikuwa mali ya thamani kuu, na kwamba lau angeitwa kwayo katika Uislamu angeitika.

Tulitafakari tukio hili, ndugu msomaji. Chanzo cha mapatano yale hakikuwa damu wala ardhi. Ilikuwa ni mali iliyouzwa, ikakabidhiwa, na isilipiwe. Aliyedai alidai hadharani, na Mtume (SAW) hakumlaumu kwa kumfedhehesha al-As. Na waliomrejeshea haki yake walikuwa watu wa Makka ya kabla ya Uislamu, lakini kwa kuwa walisimamia uadilifu, kitendo chao kilisifiwa. Mambo haya matatu yanatosha kuufuta ule wasiwasi kwamba kudai malipo kupitia chombo cha uamuzi ni aibu kwa Mwislamu.

Je, mdaiwa ana uwezo au hana?

Swali nililopaswa kumuuliza marehemu siku ile ni hili. Dini yetu haina hukumu moja kwa wadaiwa wote. Katika Suratul Baqara, aya ya 280, Allah (SWT) ameamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na akaeleza kuwa kumsamehe kwa njia ya sadaka ni bora zaidi. Hiyo ndiyo subira. Lakini subira hiyo imefungwa kwa sharti la dhiki.

Ama mwenye uwezo, Mtume (SAW) amebainisha katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba tajiri anapochelewesha kulipa, huko kuchelewesha ni dhulma. Katika hadithi nyingine akaeleza kuwa mwenye nacho akizungusha watu, inakuwa halali kusemwa na kuadhibiwa. Wanavyuoni wamefasiri kusemwa kuwa ni mdai kueleza hadharani kwamba amedhulumiwa, na kuadhibiwa kuwa ni kufungwa na kadhi. Basi tunapomwambia mwenye haki anyamaze mbele ya tajiri asiyelipa, tunamnyima ruhusa aliyopewa na Mtume wake.

Mtu atauliza: tutajuaje kama ana uwezo, na kila mdaiwa husema hana? Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika madarasa yetu ya Kishafii, ameliweka jambo hili wazi. Ikiwa deni limetokana na muamala wa mali, kama vile kununua au kukopa, anayedai kuwa ni fukara atalazimika kuleta ushahidi. Hekima yake ni nyepesi kufahamu. Mali iliingia mikononi mwake. Saruji ilishushwa, mchele uliingia stoo, vitambaa vilikatwa na kushonwa. Asili ni kwamba anacho, mpaka athibitishe kilikokwenda. Na ikiwa amefilisika kwelikweli, na muuzaji akaikuta bidhaa yake yenyewe kwake, basi hadithi sahihi imempa muuzaji huyo haki zaidi ya kuichukua kuliko wadai wengine.

Napenda niongeze jambo. Mfanyabiashara anapodai ankara yake, fedha hizo mara nyingi si zake peke yake. Ndani yake mna haki ya aliyemkopesha bidhaa kwa jumla, mna mshahara wa mpakiaji, mna kodi ya nyumba na karo ya watoto. Mwenye kusamehe husamehe kilicho chake. Lakini mimi sheikh nilipompa marehemu nasaha ya kusubiri, nilitoa subira kutoka mfukoni mwa mkewe na watoto wake, ambao sikuwauliza.

Mwenye kudaiwa ndiye aandikishe

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeshushwa kuhusu kuandikiana deni la muda maalumu. Tunaisoma kila Ramadhani, na asubuhi yake tunapakia lori la mali bila ya karatasi kwa sababu mnunuzi ni rafiki au shemeji.

Katika aya hiyo mna amri moja ambayo wafanyabiashara wetu wengi hawaizingatii. Allah (SWT) hakuamrisha kwamba mdai ndiye atamke maneno ya kuandikwa. Ameamrisha kwamba atamke yule ambaye haki iko juu yake, yaani mdaiwa, naye amche Mola wake wala asipunguze chochote. Kwa nini? Kwa sababu maneno ya mdai ni madai, na maneno ya mdaiwa dhidi ya nafsi yake ni ungamo.

Tuitazame ankara kwa jicho hilo. Ankara huandikwa na muuzaji. Hata ikiwa na mhuri na nambari nzuri, ni kauli yake mwenyewe kwamba anadai. Mbele ya hakimu, mnunuzi anaweza kusema hakuagiza, au hakupokea, au alipokea nusu. Kinachomfunga ni ile hati ya kupokelea bidhaa, ambayo madukani huitwa dilivari, iliyotiwa saini na mhuri wake siku mali iliposhushwa. Hati hiyo ndiyo ungamo lake. Vivyo hivyo oda aliyoituma kwa maandishi, ujumbe wa simu aliokubali kiasi cha deni, na rekodi ya sehemu ya malipo aliyotuma kwa M-Pesa au kwa benki. Wanavyuoni wetu wamejenga hukumu juu ya msingi kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Asiye na saini ya mpokeaji anajiweka mahali ambapo haki yake itategemea kiapo cha mtu ambaye tayari amekwisha kumzungusha.

Kwa hivyo, muuzaji ahakikishe hati imesainiwa kabla lori halijaondoka, na aliyesaini aandike jina lake na wadhifa wake. Aandike pia mnunuzi ni nani hasa: ni mtu binafsi, ni kampuni, au ni shule? Wengi wamefungua kesi dhidi ya mtu ilhali aliyenunua kisheria ni kampuni. Na sharti la siku ya malipo liandikwe, kwani deni lisilo na tarehe humpa mdaiwa kisingizio cha milele.

Mdaiwa akianza kuomba muda, apewe, lakini aandike na kusaini kwamba anadaiwa kiasi fulani. Karatasi hiyo ina faida mbili. Ni ushahidi, na kwa sheria ya Kenya ungamo la deni lililoandikwa na kusainiwa, au malipo ya sehemu yake, huifanya ile miaka 6 ianze kuhesabiwa upya. Lau mimi ningalimwambia marehemu neno hili moja, mkebe ule ungalikuwa na thamani.

Suluhu hutangulia

Haya yote hayana maana kwamba Mwislamu akimbilie mahakamani siku ya pili baada ya tarehe ya malipo kupita. Mtume (SAW) amemuombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai. Na katika Sahihi Bukhari tunasoma kisa cha Ka'b bin Malik (RA), aliyemdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya msikiti wa Mtume. Sauti zao zikapanda hadi Mtume (SAW) akazisikia akiwa nyumbani kwake. Akatoka, akafunua pazia, akamwita Ka'b na kumuashiria apunguze nusu ya deni. Ka'b akakubali papo hapo. Je, Mtume (SAW) aliishia hapo? La. Alimgeukia mdaiwa na kumuamrisha asimame akalipe.

Hiyo ndiyo suluhu ya Kiislamu. Ina pande mbili: mdai anapunguza, na mdaiwa analipa. Suluhu za siku hizi katika mabaraza yetu mara nyingi zina upande mmoja. Mdai huombwa apunguze, akapunguza. Huombwa muda, akatoa. Kisha hakuna anayemgeukia mdaiwa kumwambia asimame alipe. Maimamu na wazee tunaoketi kusuluhisha tulichukue jambo hili kwa uzito. Kila kikao kiishe na maandishi: kiasi kilichokubaliwa, tarehe za malipo, saini za wawili na mashahidi wawili. Tusipofanya hivyo, kikao chetu kinakuwa ni njia ya kumpotezea mdai muda wake.

Ikishindikana suluhu, iandikwe barua ya madai, kwa lugha ya adabu isiyo na matusi wala vitisho, ikitaja tarehe za ankara, kiasi kilichobaki na siku za mwisho za kulipa. Barua hiyo huandikwa na mdai mwenyewe au wakili wake. Wadaiwa wengi wenye uwezo hulipa hapo, kwa sababu wanafahamu kuwa mchezo umekwisha.

Kwa nini si kwa Kadhi?

Wapo watakaosema: basi twende kwa Kadhi. Nia hii ni njema, lakini Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeyawekea mamlaka ya Mahakama ya Kadhi mipaka katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali mamlaka hayo. Deni la saruji au unga si katika hayo. Kadhi anaweza kuwasuluhisha mkimwendea kwa hiari yenu, lakini hawezi kutoa hukumu ya kibiashara itakayotekelezwa kwa nguvu za dola.

Mahakama zipo, na njia imekuwa nyepesi kuliko zamani. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kuanzisha Mahakama ya Madai Madogo, na kazi ikaanza Milimani, Nairobi, mwaka 2021, kisha ikaenea katika miji mingine, Mombasa ikiwemo. Mahakama hii husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mikataba ya kuuza na kupeleka bidhaa imetajwa waziwazi miongoni mwa mambo yake. Mdai anaweza kusimama mwenyewe na makaratasi yake. Taratibu za ushahidi hazina ugumu wa mahakama kubwa, na sheria imeweka siku 60 za kusikiliza na kuamua tangu kesi kufunguliwa. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa masuala ya sheria tu. Madai makubwa zaidi hupelekwa mbele ya mahakimu kulingana na vyeo vyao, hadi Sh20 milioni kwa hakimu mkuu, na yanayozidi hapo ni ya Mahakama Kuu.

Ama wanaohofia kuwa kumpeleka Mwislamu mbele ya hakimu asiye Mwislamu ni kuiacha sharia, niwakumbushe Hilful Fudhul. Makosa ni kutafuta hukumu ili kupata kisichokuwa chako. Ama kutafuta msaada wa mwenye mamlaka ili urejeshewe kilicho chako, pale ambapo hakuna mwingine awezaye kukurejeshea, hilo ni kuondoa dhulma. Isitoshe, katika jambo hili sheria ya nchi imekaribiana na fiqhi yetu. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai hairuhusu mdaiwa kufungwa kwa kushindwa tu kulipa. Sharti mahakama iridhike, kwa mfano, kwamba anao uwezo na anakataa, au kwamba anataka kutoroka. Na inamkinga asichukuliwe nguo na vyombo vya kupikia vya lazima, vitanda na zana za kazi yake. Yote haya fuqahaa wetu waliyazungumza karne nyingi zilizopita.

Wapo wenzetu wanaozidai serikali za kaunti kwa chakula, dawa au samani walizopeleka. Hao njia yao ni ndefu zaidi, kwani mali ya serikali haikamatwi na dalali kama ya mtu binafsi. Nasaha yangu kwao ni kutopeleka mali bila ya oda rasmi, na kutokopa kwa riba kwa kutegemea malipo ambayo tarehe yake haijulikani.

Adabu za mwenye kudai

Haki ya kushtaki ina adabu zake. Ya kwanza, mdai adai kiasi chake halisi. Akate kila shilingi aliyolipwa na kila bidhaa iliyorudishwa. Mtume (SAW) ametuonya kwamba yeye huhukumu kwa yale anayoyasikia, na huenda mmoja akawa fasaha kuliko mwenziwe. Basi atakayehukumiwa kupewa haki ya nduguye asiichukue, kwa kuwa ni kipande cha moto. Hukumu ya mahakama haihalalishi haramu.

Ya pili, asidai riba. Mawakili wana mazoea ya kuongeza riba katika madai, na mahakama zina uwezo wa kuiamuru. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jedda mwaka 1990, lilikataza nyongeza yoyote juu ya deni kwa ajili ya kuchelewa, huku likisisitiza kuwa mwenye uwezo akichelewesha ametenda haramu. Gharama za kesi ni jambo jingine. Viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka kanuni za fedha za Kiislamu, vinaruhusu mdaiwa mwenye uwezo aliyezungusha abebe gharama za kumdai. Mwambie wakili wako mapema: nataka thamani ya mali yangu na gharama zangu, basi.

Ya tatu, asitoe rushwa. Aya ya 188 ya Suratul Baqara imekataza kuipeleka mali kwa mahakimu ili kula mali za watu kwa dhambi, na mwenye haki hana sababu ya kuichafua haki yake.

Ya nne, mlango wa suluhu ubaki wazi hata kesi ikiendelea. Ikidhihirika kwamba mdaiwa ameanguka kweli, turudi kwenye ile aya ya 280: apewe muda, au asamehewe.

Neno kwa mdaiwa na kwa familia

Ewe ndugu unayedaiwa na unao uwezo, usijifiche nyuma ya udugu. Mtu alimdai Mtume (SAW) ngamia kwa maneno makali hadi sahaba wakataka kumkabili. Mtume (SAW) akawazuia, akasema kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema, kisha akaamuru apewe ngamia bora kuliko wake. Huyo ni Mtume wa Allah. Wewe ni nani hata ukasirike unapoletewa ankara yako?

Wala usijifiche nyuma ya miaka 6. Majalla, mkusanyiko wa sheria za muamala wa dola ya Uthmaniyya ulioandikwa kati ya 1869 na 1876, uliweka miaka 15 ambayo baada yake kadhi hasikilizi kesi ya deni, lakini papo hapo ukaeleza kuwa haki haifi kwa kupita muda. Kinachoisha ni kusikilizwa kwake hapa duniani. Mtume (SAW) alisita kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka Abu Qatada (RA) alipolibeba. Na mdai wako akifa, deni lako linakuwa urithi wa mjane na mayatima. Suratun Nisaa, aya ya 10, imeeleza wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula nini matumboni mwao.

Nanyi familia, jambo hili si la mwenye duka pekee. Mke na watoto wakubwa wajue nani anadai na nani anadaiwa, na makaratasi yapo wapi. Mwenye duka akifariki, warithi hawawezi kushtaki kwa niaba yake mpaka wapate hati ya usimamizi wa mirathi, na muda wa sheria hausubiri eda wala matanga. Leo jioni, baada ya Magharibi, kaeni mzitazame tarehe za ankara zenu.

Mimi na wazee wawili tulimwendea yule mwanakandarasi. Alitukaribisha vizuri, akatuagizia kahawa, akatujibu kwa upole kuwa wakili wake amemweleza hakuna deni tena. Tulimwambia kuwa lipo, na kwamba atalikuta. Hakulipa. Nilimwendea yule mama nikamuomba radhi kwa ushauri niliompa mumewe, naye, Allah amlipe kheri, akanisamehe. Kijana wake sasa ana duka dogo la vifaa vya ujenzi. Nimemuona kwa macho yangu akimzuia mpakiaji asishushe nondo mpaka mnunuzi asaini. Mnunuzi alikuwa ami yake.

Tunamuomba Allah (SWT) atutosheleze kwa halali yake, awape wepesi wadaiwa walio katika dhiki, awape wenye uwezo moyo wa kulipa, na asitujaalie sisi tunaotoa nasaha kuwa msaada kwa dhalimu. Wallahu a'lam.